Meli ya Kutembea, Meli ya Kukimbia

Mwaka jana dada mmoja anayefanya kazi na shirika hapa kambini alinionyesha picha kwenye simu yake. Zilikuwa picha za wazazi wake, wazee wastaafu, wamesimama juu ya meli nyeupe yenye ghorofa nyingi. Walikuwa wamezunguka bandari za Ulaya ya kaskazini kwa zaidi ya wiki mbili: Hamburg, Gdynia, Tallinn, Oslo, halafu ghuba za Norwei zilizobanwa na milima. Usiku meli inasafiri, asubuhi inafika mji mwingine, watu wanashuka, jioni wanapanda tena. Wengine wanalipia basi la watalii na mtu wa kuwaongoza. Wazazi wake hawakutaka hayo. Walishuka wenyewe, wakapanda tramu, wakala samaki sokoni, wakarudi kabla ya saa ya kuondoka.

Nikamwuliza, "Kibali walipewa na nani, dada?"

"Kibali cha nini, Mwalimu?"

"Cha kutoka melini kwenda mjini."

Akacheka, kisha akanyamaza. Nadhani alikumbuka anaongea na nani.

Mimi pia niliwahi kupanda meli kubwa, mara moja tu. Ilikuwa Mei 2015, Kagunga, pale mpakani mwa Burundi na Tanzania. Tulikuwa makumi ya maelfu kwenye ufuko mwembamba chini ya mlima, na kipindupindu kilikuwa kimeshaingia. Meli ya Liemba haikuweza kufika ufukoni, ikasimama mbali majini, na boti ndogo ndizo zilizotupeleka. Mwanangu alikuwa na miaka 3, nimembeba begani. Nilipomsimulia dada habari hiyo, akasema hata meli ya wazazi wake hufanya hivyo kwenye bandari ndogo: inatia nanga mbali, abiria wanashushwa kwa boti. Kisha akaongeza kwamba meli ile ilijengwa Papenburg, Ujerumani.

Papenburg! Jina hilo nalijua. Liemba nayo ilijengwa hukohuko, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Goetzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye maelfu ya makasha, ikaletwa Dar es Salaam kwa meli na Kigoma kwa treni, ikaunganishwa tena na kushushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe wasiiache kwa adui. Waingereza wakaiopoa, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Karakana ile ya Papenburg, Meyer Werft, ipo mpaka leo, na kazi yake kubwa sasa ni kujenga meli za starehe. Kumbe meli iliyonivusha mimi na meli iliyowatembeza wale wazee ni za ukoo mmoja!

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma historia ya safari hizi kila nipatapo intaneti. Nimegundua kwamba utalii wa meli na kuhama kwa maskini vilikua katika nyumba moja. Ndugu msomaji, twende pamoja bandari kwa bandari, tukishuka wenyewe.

Tuanzie Hamburg. Kati ya 1850 na 1939 watu kiasi cha milioni 5 waliondokea hapo kwenda ng'ambo, wengi wao Marekani. Walikuwa maskini kutoka Ujerumani, na Wayahudi na wengine kutoka mashariki waliokimbia njaa na mateso. Albert Ballin alizaliwa mjini humo mwaka 1857, na baba yake alikuwa na ofisi ya kuwakatia wahamaji tiketi. Baadaye Ballin akawa mkuu wa kampuni kubwa ya meli, HAPAG. Shida yake ilikuwa majira ya baridi. Bahari ya Atlantiki ilichafuka, abiria wakapungua, na meli zikakaa bure huku zikila gharama. Januari 1891 akaituma meli yake Augusta Victoria kwenye Bahari ya Mediterania na matajiri wachache kwa ajili ya kutembea tu. Watu wakamwona kachanganyikiwa. Safari ikafaulu, na kampuni nyingine zikafuata. Miaka michache kabla yake Waingereza nao walikuwa wameanza kupeleka watalii kwenye ghuba za Norwei. Lakini fedha iliyojenga kampuni zile ilitoka kwa mhamaji wa chini kabisa, aliyelala chini ya sitaha na mzigo wake kichwani.

Mwaka 1892 kipindupindu kiliipiga Hamburg, wakafa watu zaidi ya 8,000. Wa kwanza kunyooshewa kidole walikuwa wahamaji kutoka Urusi. Lakini maji ya mji yalikuwa yakichotwa kutoka mto Elbe bila kuchujwa. Altona, mji jirani uliopakana nao kabisa, ulichuja maji yake na ukapona karibu wote. Sisi tuliotoka Kagunga tunaijua hadithi hii. Ugonjwa ukija, kwanza wanaulizwa wageni, maji yanaulizwa baadaye.

Mwaka 1901 Ballin alifungua makazi ya wahamaji kwenye kisiwa cha Veddel. Ukifika unaoga, nguo zinapigwa dawa, daktari anakupima, unapewa kitanda na chakula, unasubiri meli. Kulikuwa na kanisa na sinagogi, na Wayahudi walipikiwa kwa desturi yao. Leo ni makumbusho, na mtalii anafika kwa treni ya mjini. Ningependa siku moja nimwone anavyotazama vile vitanda vilivyopangwa mstari. Mimi ningejua cha kwangu bila kuambiwa.

Sasa tuingie Bahari ya Baltiki mpaka Gdynia, Poland. Hapa historia inauma. Mwaka 1937 chama cha Hitler kilishusha majini Hamburg meli iitwayo Wilhelm Gustloff, ya kuwatembeza wafanyakazi wa Kijerumani kwa bei nafuu. Ilisifiwa kwamba haina daraja la kwanza wala la pili. Iliwapeleka mpaka Norwei, lakini huko mara nyingi abiria hawakushuka. Serikali haikutaka fedha za kigeni zitumike. Waliiona milima na vijiji wakiwa sitahani, wakarudi nyumbani.

Halafu vita. Januari 1945 jeshi la Kisovieti lilipokuwa linakaribia, watu wa mashariki mwa Ujerumani walikimbilia bandarini kwenye theluji. Gdynia wakati huo Wajerumani waliiita Gotenhafen. Tarehe 30 Januari Gustloff iliondoka hapo imejaa kupita kiasi: wanajeshi na majeruhi wakiwemo, lakini wengi wakiwa mama, watoto na wazee. Usiku huo nyambizi ya Kisovieti ikaipiga torpedo tatu, ikazama kwa muda wa saa moja hivi. Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba walikufa zaidi ya 9,000. Hakuna meli nyingine moja inayojulikana kufa na watu wengi hivyo.

Nimefikiria sana kuhusu watu wale. Wajerumani walikuwa wameanzisha vita na kutenda maovu makubwa, na wapo watakaosema walivuna walichopanda. Lakini mtoto wa miaka 3 aliyekuwa begani mwa mtu usiku ule hakuwa amepanda kitu. Leo meli za starehe zinatia nanga Gdynia kila kiangazi, na wengi wanaoshuka wanaelekea Gdańsk kununua kaharabu.

Tuendelee mashariki. Kabla ya vita vya 2022 meli nyingi zilifika St Petersburg, na hapo ndipo kutembea mwenyewe kulikuwa na masharti. Abiria wa meli waliruhusiwa kukaa mpaka saa 72 bila viza, ila watoke na kampuni ya utalii yenye leseni na warudi nayo. Ukitaka kwenda peke yako, viza. Watalii walinung'unika sana. Nawaelewa. Kwa siku tatu walionja kidogo maisha ya kusindikizwa.

Mji huohuo unatupeleka Oslo, bandari ya mwisho. Baada ya mapinduzi ya 1917, watu zaidi ya milioni moja walikimbia Urusi, na Desemba 1921 serikali mpya ikawavua uraia wengi wao. Wakabaki Ulaya bila nchi na bila karatasi. Hawakuweza kuvuka mpaka kutafuta kazi, wala kurudi. Shirikisho la Mataifa lilikuwa limemteua Fridtjof Nansen wa Norwei kuwa Kamishna Mkuu wa Wakimbizi. Nansen alikuwa msafiri wa barafu, aliyeiacha meli yake Fram iganditishwe kwenye bahari ya kaskazini ili apelekwe na mkondo. Mtu huyo alijua maana ya kukwama! Mwaka 1922 alizishawishi serikali zikubali hati ya kusafiria kwa wasio na nchi, ikaitwa pasipoti ya Nansen. Haikumpa mtu uraia, na mwanzoni hata haikumhakikishia kurudi nchi iliyoitoa. Lakini mwishowe ilikubaliwa na nchi zaidi ya 50, na ikawatoa watu mahali walipokuwa wamekaa tu.

Wale wazee wa kwenye picha walishuka Oslo, wakaenda kuitazama Fram kwenye makumbusho yake. Dada ananiambia waliipenda sana ile meli ya mbao. Habari za pasipoti hawakuzisikia. Nikamwomba awaandikie.

Amenieleza pia sheria moja ya safari hizo. Ukishuka na basi la meli likachelewa, meli inakungoja. Ukishuka mwenyewe ukachelewa, inaondoka. Nikamwuliza aliyeachwa anafanyaje. Akasema, "Anapanda treni au ndege, anaifuata bandari inayofuata." Yaani ana pasipoti na nauli, na hakuna atakayemwuliza kwa nini yuko nje.

Mwanangu sasa amekuwa mkubwa. Juzi alichora Liemba kwenye daftari la shule, ina moshi na bendera, na mimi sitahani nimenyoosha mkono. Haikumbuki, anachora nilivyomsimulia. Akaniuliza kama tunaweza kwenda Kigoma aione kwa macho. Nimeomba kibali cha siku mbili, cha watu wawili. Bado nasubiri jibu.