Menyu ya Start na hesabu za mzee

Juzi rafiki yangu kanionyesha laptopu yake ya Windows 11, programu zimejaa ovyo. Nikamuuliza mbona hazipangi. Akacheka: "Nizipange za nini? Naandika herufi mbili, inatokea." Kweli kabisa. Ila mimi mawazo yalirudi Magunga.

Mwaka 2010, nikiwa na miaka 12, pale sokoni kulikuwa na duka la kuchapa na fotokopi lenye kompyuta moja tu, ya Windows XP. Mwenye duka aliniruhusu kuigusa wateja wakiadimika. Siku moja nikaona menyu ni fujo, nikaunda folda zangu: Kuandika, Michezo, Mengineyo. Nilijiona fundi!

Sasa historia kidogo. Windows 3.1 ilipanga programu katika vikundi, na kikundi hakikuweza kubeba kikundi kingine ndani yake. Kitufe cha Start kilikuja na Windows 95, tarehe 24 Agosti 1995. Nyuma ya menyu ile hapakuwa na uchawi wowote. Ni folda ya kawaida kwenye diski, iliyojaa njia za mkato, na folda ndani ya folda kadiri utakavyo. Ukihamisha njia ya mkato, menyu inabadilika lakini programu yenyewe hujaigusa. Katika XP, iliyotoka 2001, folda zilikuwa mbili: ya watumiaji wote na ya yule aliyeingia. Windows ilizichanganya zikaonekana menyu moja. Ukihamisha kitu katika ile ya wote, umewahamishia wote.

Pale dukani hata hilo halikuhitajika, maana sote tuliingia kwa akaunti moja.

Akaja mzee mmoja kumalizia barua ya kumwombea bintiye basari, siku ya mwisho ya kuipeleka. Yeye hakusoma majina ya Kiingereza, alihesabu: Start, All Programs, ya tano kutoka juu, kisha ya mwisho. Akahesabu, ikafunguka karata! Akanigeukia: "Nyathina, umeipeleka wapi barua yangu?" Nikatetemeka. Barua ilikuwa salama katika My Documents, lakini kwake barua na njia ya kuifikia vilikuwa kitu kimoja.

(Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishatoa Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili. Kwetu haikufika.)

Baadaye Vista ikaleta kisanduku cha kutafutia ndani ya menyu, 2007. Windows 8 ikaiondoa menyu yenyewe, 2012, watu wakalalamika, na Windows 10 ikairudisha 2015, safari hii bila ngazi za folda ndani ya folda.

Mimi nilirudisha kila kitu nilivyokumbuka, ila Microsoft Office ikaangukia nafasi ya saba. Barua ikachapwa jioni ile. Mzee akaomba kalamu, akaandika 7 kwenye kipande cha karatasi, akakibandika pembeni ya skrini.