Kumi la Mwisho: Mama wa Kibajuni na Watoto Wake Kabla ya Idi

Asomaye habari za Wabajuni hukutana kwanza na bahari na vyombo vyake. Ataelezwa juu ya mitepe, yaani vyombo vya mbao zilizoshonwa kwa kamba pasipo misumari. Ataelezwa juu ya uvuvi wa kasa kwa taza, samaki ajigandishaye juu ya kasa hata mvuvi akavuta kamba. Ataelezwa juu ya boriti za mikoko na juu ya zile koo kumi na nane. Hayo yote ni kweli, tena yafaa kufundishwa. Lakini mama wa nyumba hutajwa humo kwa ufupi mno, kana kwamba nyumba zilijiendesha zenyewe wakati wanaume wakiwa baharini.

Katika makala haya tumekusudia kumtazama mama huyo katika siku zilizokuwa na pilikapilika nyingi kuliko zote za mwaka, nazo ni siku za kumi la mwisho la Ramadhani. Wasomaji wetu Wakristo watalifahamu jambo hili kwa wepesi, kwa kuwa majuma ya kabla ya Krismasi huwa na msukosuko wa namna hiyo hiyo: nguo, vyakula, usafi wa nyumba, na watoto wasiokwisha kuuliza. Shabaha yetu, hata hivyo, si kuhadithia uchovu tu. Twataka kuonyesha kwamba katika uchovu huo ndimo lugha ya Kibajuni ilimopitia kutoka kizazi hata kizazi, na kwamba jambo hilo baadaye lilikuja kuwa na uzito ambao mama mwenyewe hakuutazamia.

Visiwa vya Wabajuni vimepangana mbele ya pwani ya kusini ya Somalia, kuanzia karibu na Kismayo hata kufikia Rasi Kamboni, mpakani na Kenya. Vijulikanavyo zaidi kwa makazi ni Koyama, Chovai na Chula. Jina la Kismayo lenyewe wenyeji wengi hulieleza kuwa ni kisima cha yuu, yaani cha juu. Lugha ya watu hawa, iitwayo pia Kitikuu, ni lahaja ya kaskazini ya Kiswahili, na mwanafunzi huitambua mara moja asikiapo mtu akiitwa mchu na watu wakiitwa wachu. Mtaalamu wa Kitaliani, Vinigi Grottanelli, aliwachungua Wabajuni wa upande wa Somalia mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kitabu chake kikatoka mwaka 1955. Hata yeye alikiita kwa jina la wavuvi.

Sasa na tuingie nyumbani. Kama ilivyo katika pwani nzima ya Waswahili, kumi la mwisho lilimkuta mama akiwa tayari amechoka kwa siku ishirini za kufunga. Usiku aliamka kupika daku, mchana akafunga, na jioni akafuturisha. Juu ya hayo zikaongezeka kazi za Idi. Nyumba ilitakiwa kusafishwa hata pembe zake, vyombo kusuguliwa, nafaka kupepetwa na kutwangwa. Kanzu ya mtoto wa kiume ya mwaka uliopita ilikuwa imekwisha kuwa fupi, na gauni la mtoto wa kike lilikuwa limehamia kwa mdogo wake. Kofia ya kushona kwa mkono, iliyoanzwa miezi mingi kabla, bado ilikuwa imebakia duara moja. Na kwa kuwa kisiwani hapakuwa na duka kama ya mjini, kitambaa, sukari na unga wa ngano vilingoja chombo kirudicho kutoka Kismayo. Chombo nacho kilingoja upepo.

Na watoto je? Huyu wa miaka sita amelia kwamba naye anataka kufunga kama wakubwa, akaruhusiwa kufunga nusu ya siku, na ilipofika saa nne akaonekana kando ya mtungi. Huyu wa miaka minne ameuchukua uzi wa kofia akafungia kaa. Mchanga yu mgongoni, na ndiye pekee ambaye hana haraka. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana; na katika siku hizo kazi ya kulea haikupungua hata kidogo kwa sababu ya kuwapo kazi nyingine.

Lakini tofauti moja kubwa yapasa kutajwa kati ya mama huyu na mwenziwe angojaye Krismasi. Krismasi ina tarehe yake, nayo ni 25 Desemba. Idi hungoja mwezi kuandama. Ramadhani huweza kuwa na siku 29 au 30, na hakuna ajuaye mpaka jioni ya siku ya ishirini na tisa. Hivyo mama alipaswa kuwa tayari kwa yote mawili. Kila kitu kiwe kimekamilika jioni hiyo, na ikiwa mwezi haukuonekana, vitu vitamu alivyokwisha kuviandaa vifichwe siku nzima nyingine, katika nyumba ambamo watoto wanajua kila pembe. Swali la "Mama, Idi ni kesho?" halikuwa na jibu ila moja: mwezi ukiandama.

Mwalimu wa lugha na atue hapa kidogo. Katika jibu hilo mtoto alifundishwa hesabu ya siku na majina ya miezi. Kiswahili huhesabu miezi kwa kuanzia na sikukuu hii hii: mwezi wa Shawali huitwa Mfunguo Mosi, kwa sababu ndipo watu wafunguapo saumu, ukafuata Mfunguo Pili, hata kufikia Mfunguo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Mtoto aliyeuliza mara kumi Idi ni lini alijibiwa mara kumi, na kufikia siku ya sikukuu alikuwa amekwisha kuijua kalenda ya watu wake. Hapakuwa na ubao wala chaki.

Ipo kazi nyingine iliyofaa kuangaliwa na wanahistoria, nayo ni kupima zaka ya fitri. Kisheria wajibu huo ni wa mwenye kuiangalia nyumba, naye hutoa kwa kila mtu aliye chini yake pishi moja, yaani vibaba vinne, ya nafaka iliyo chakula cha kawaida cha mji. Mtoto aliyezaliwa kabla ya jua kutua siku ya mwisho ya Ramadhani hutolewa fitri kama mtu mzima. Azaliwaye baada ya hapo hungoja mwaka wa pili. Baba akiwa dago, yaani katika kambi ya wavuvi mbali na kwao, aliyeshika kibaba mara nyingi alikuwa mama. Kwa hiyo kila mwaka aliwahesabu watoto wake kwa nafaka, mmoja mmoja, kwa majina. Mtoto alijisikia akitajwa, akajua kwamba yumo katika hesabu ya watu.

Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11, hivyo Idi huzunguka misimu yote kwa muda wa miaka ipatayo 33. Iko miaka iliyoangukia katika kusi kali, kama vile Julai 1951 na Julai 1983, wakati bahari imechafuka na chombo cha Kismayo hakina hakika. Tena iko miaka iliyoangukia mwishoni mwa Desemba, wakati kaskazi imekwisha kushika. Kwa kuwa tumeitaja Krismasi, na tuitazame miaka mitatu ya namna hiyo: 1935, 1968 na 2000. Kati ya mmoja na mwingine ni karibu umri wa kutoka kwa nyanya hata kwa mama, na kutoka kwa mama hata kwa binti.

Desemba 1935 Idi ilifika siku mbili hivi baada ya Krismasi ya watawala. Jubaland ilikuwa imetolewa na Waingereza na kukabidhiwa Waitaliani mwaka 1925, na Wabajuni, waliokuwa jamaa moja, wakajikuta wengine wako Kenya na wengine chini ya Italia. Tangu Oktoba 1935 Italia ilikuwa vitani na Ethiopia. Lakini kaskazi ilikuwa bado inayashusha majahazi ya Uarabuni yenye tende, na mtoto aliyepewa mkono wa Idi alipewa sarafu ya lira. Dada yake mkubwa, aliyezaliwa kabla ya mwaka 1925, huenda aliwahi kupewa senti za Waingereza. Mwaka 1941 Waingereza waliiteka Kismayo, na shilingi ya Afrika Mashariki ikaja. Mwaka 1950 ikaja somalo, na baada ya uhuru wa mwaka 1960 ikaja shilingi ya Somalia. Serikali zilibadilika katika kiganja cha mtoto, lakini maneno aliyoambiwa apewapo sarafu yalibaki ya mama yake.

Desemba 1968 Idi ilitangulia Krismasi kwa siku chache. Somalia ilikuwa jamhuri huru. Mtoto wa Kibajuni aliyekwenda shuleni hakuikuta humo lugha ya nyumbani kwao, maana shule za wakati huo zilifundisha kwa Kitaliani, Kiingereza na Kiarabu. Mwaka 1972 Kisomali kilipata maandishi rasmi kwa hati za Kilatini, kikawa lugha ya serikali na, baadaye, ya masomo. Jambo hilo lilikuwa hatua kubwa kwa taifa, na sisi walimu wa Kiswahili hatuna budi kuliheshimu, kwani nasi twaijua thamani ya kusoma kwa lugha ya mama. Lakini kwa Mbajuni lugha ya mama ilibaki ile ile ya jikoni, isiyo na kitabu wala mtihani. Ikiwa mtoto hakuipata mikononi mwa mama yake, hakuwa na mahali pengine pa kuipata.

Mwezi wa Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka Mogadishu. Ramadhani ya mwaka ule ilianza katikati ya Machi na Idi ikawa katikati ya Aprili. Wabajuni hawakuwa na jeshi la ukoo, na katika miaka ya vita walinyang'anywa vyombo, nyumba na visiwa. Wengi walivuka kwenda Kenya, na wengi wao wakakaa katika kambi ya Jomvu, Mombasa, hata ilipofungwa mwaka 1997, ambapo baadhi walirudishwa kwao. Kambini mama alihesabu tena watoto wake, safari hii kwa ajili ya karatasi ya posho. Aliwalea katikati ya jirani wasemao Kiswahili cha Mombasa, na mtoto, kwa tabia ya watoto, alikichukua kile alichokisikia mchezoni.

Idi ya Desemba 2000 iliwakuta baadhi yao wamerudi visiwani, baadhi wako Mombasa na Malindi, na baadhi wamefika Uingereza wakiomba hifadhi. Huko Ulaya, katika majira ya baridi, madirisha ya maduka yakiwa bado na mapambo ya Krismasi, waliulizwa maswali. Visiwa vyao ni vipi? Samaki wao huitwaje? Je, wasema Kibajuni? Mwaka 2004 baraza la rufaa la mambo ya uhamiaji la Uingereza lilitoa uamuzi uliolijadili waziwazi suala hili la uwezo wa kusema Kibajuni. Maneno ambayo mama aliyatamka bila kufikiri, akiwa na mtoto mgongoni na mwiko mkononi, yalikuwa sasa yanasikilizwa na kupimwa, ili ijulikane kama mtu aliyasema ni wa huko alikosema ni kwao.

Hapa pana jambo la kutufikirisha. Aliyekulia kisiwani aliweza kujibu. Lakini kijana aliyekulia kambini, ambaye mama yake alishindwa na taabu za ukimbizi hata hakupata nafasi ya kumjibu maswali yake yote, yeye aliweza kuonekana si Mbajuni, ingawa damu na dhiki yake ni za Kibajuni. Hatusemi haya kumlaumu mama yule. Twasema ili ionekane jinsi kazi yake ya kila siku ilivyokuwa kubwa, hata kukosekana kwake kwa miaka michache kukaacha pengo linaloonekana mbele ya mahakimu wa nchi ya mbali.

Walimu wenzetu, mara nyingi tukusanyapo maneno ya lahaja huwaendea manahodha, mafundi wa vyombo na malenga. Tuendelee kufanya hivyo, lakini tusiishie hapo. Katika madarasa yetu ya Lamu, Mombasa na Malindi, na hata ng'ambo, wamo watoto wenye nyanya waliozaliwa Koyama, Chovai, Chula au Kismayo. Tuwape watoto hao zoezi moja jepesi katika kumi la mwisho la Ramadhani ijayo: wamsaidie nyanya kazi za Idi na waandike kila jina la chombo, la chakula, la mshono, na la karipio pia, kama alitamkavyo yeye. Wasimsahihishe. Akisema mchu, waandike mchu.

Pengine nyanya atasema kwamba hana nafasi, kwamba kazi ni nyingi na mwezi huenda ukaandama jioni hiyo hiyo. Mtoto na akae karibu vivyo hivyo, ashike kibaba, asikilize.