Octavia Butler: Binti wa mtumishi aliyeiandika kesho

MWANDISHI wa riwaya za kisayansi, Octavia Estelle Butler, alizaliwa Juni 22, 1947 mjini Pasadena, jimbo la California, Marekani. Babake, aliyekuwa mng'arisha viatu, alifariki binti huyo angali mdogo. Mamake alikuwa mtumishi katika nyumba za Wazungu, ambamo aliingilia mlango wa nyuma. Vitabu vilivyotupwa na waajiri wake ndivyo alivyomletea bintiye.

Butler alikuwa mwenye haya, na kusoma kulimpa taabu kwa sababu ya tatizo la disleksia. Akiwa na umri wa miaka 12 alitazama kwenye runinga filamu ya Devil Girl from Mars, akaiona duni mno hata akaamini angeweza kutunga kisa bora kuliko hicho.

Malipo hayakuja upesi. Mnamo 1970 alihudhuria warsha ya waandishi ya Clarion na kuuza hadithi zake za kwanza, kisha miaka mitano ikapita bila ya kuuza nyingine. Aliosha vyombo, akauza bidhaa kwa simu, akakagua krispi kiwandani. Aliamka saa nane usiku ili aandike kabla ya kwenda kibaruani. Riwaya yake ya kwanza, Patternmaster, ilitoka 1976.

Iliyompa jina ni Kindred (1979), ambayo wachapishaji kadhaa walikuwa wameikataa. Dana, mwanamke mweusi wa mwaka wa 1976, anavutwa ghafla hadi Maryland enzi za utumwa. Huko hana budi kumwokoa tena na tena mwana wa bwana shamba, Mzungu ambaye ndiye mmoja wa mababu zake. Akimwacha afe, ukoo wake hautazaliwa. Chimbuko la kisa hiki lilikuwa karibu: utotoni Butler alimwonea mamake aibu kwa kunyamazia dharau za waajiri, ukubwani akatambua kuwa kimya hicho ndicho kilichomlisha.

Alitwaa tuzo ya Hugo mwaka wa 1984, na mnamo 1995 akawa mwandishi wa kwanza wa fani hiyo kupewa ruzuku ya MacArthur. Alifariki Februari 24, 2006 akiwa na umri wa miaka 58.

Parable of the Sower, aliyoichapisha 1993, iliingia katika orodha ya vitabu vinavyouzwa zaidi ya New York Times mnamo 2020. Inasimulia California ya kuanzia 2024, yenye ukame na mioto. Januari 2025, moto uliteketeza sehemu kubwa ya Altadena, mtaa alikozikwa.