I-Opener, kifaa cha intaneti kilichogeuzwa kompyuta

I-Opener kilikuwa kifaa cha intaneti cha nyumbani kilichouzwa Marekani na kampuni ya Netpliance ya Austin, Texas, kuanzia mwishoni mwa 1999. Kilikusudiwa mtu asiyetaka kusumbuliwa na kompyuta: anakichomeka kwenye umeme na kwenye laini ya simu, anasoma barua pepe, anaangalia habari na hali ya hewa, basi. Lakini sifa yake haikutokana na kazi hiyo. Mwezi Machi 2000 ilijulikana kwamba ndani ya kasha lake jembamba mlikuwa na kompyuta kamili, na haukupita muda watu wakaanza kukinunua ili wakifungue, wakiwekee diski kuu na kusakinisha Linux au Windows 98. Netpliance haikuwa imeitarajia mifumo endeshi hiyo, wala haikuahidi kuihudumia.

Kisa cha I-Opener ni mfano bora wa kazi ya kusakinisha mfumo endeshi usiotambuliwa na mtengenezaji, kwa sababu kila kikwazo cha kazi hiyo kilijitokeza humo: waya, umeme, joto, programu viendeshi, na mwisho mkataba.

Biashara yake

Bei ya kifaa ilishushwa hadi dola 99. Gharama ya kukitengeneza ilizidi hapo kwa mbali, na kampuni ilitegemea kuirudisha kwa ada ya huduma ya dola 21.95 kila mwezi. Ni hesabu ya muuza printa anayepata faida yake kwenye wino. Kwenye kibodi kulikuwa na kitufe chenye picha ya pizza. Ukikibonyeza, ulifunguka ukurasa wa Papa John's, kampuni ya kuuza pizza. Kitufe hicho kinaonyesha Netpliance ilikiona kifaa chake kuwa nini: dirisha la duka lililowekwa jikoni mwa mteja, na mteja mwenyewe analilipia kodi kila mwezi.

Hesabu hiyo ilikuwa na tundu. Siku za mwanzo mtu aliweza kulipa dola zake 99, akachukua kifaa, asijiandikishe kwa huduma. Hakukuwa na mkataba wa kumzuia. Na kwa mwaka 2000 kioo peke yake kilitosha kumtamanisha fundi: kilikuwa kioo bapa cha rangi cha inchi 10, chenye nukta 800 kwa 600, wakati ambao vioo bapa vya mezani viliuzwa kwa mamia ya dola.

Yaliyokuwa ndani

Prosesa ilikuwa WinChip C6 ya MHz 180, iliyobuniwa na Centaur, kampuni ya Austin hiyohiyo iliyokuwa chini ya IDT. WinChip ilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta za bei ya chini. Ilikaa katika soketi moja na Pentium za kwanza na ilizielewa amri zilezile za lugha ya mashine. Hapo ndipo mambo yote yalipoegemea. Kama Netpliance ingechagua prosesa ya jamii nyingine, ya aina iliyotumika kwenye simu na kalenda za mfukoni, Windows 98 isingeingia kabisa, na Linux ingehitaji kutayarishwa upya kwa miezi. Kwa kuwa prosesa ilikuwa ya ukoo wa kompyuta za kawaida, programu yoyote iliyoandikiwa kompyuta hizo ilikuwa tayari imeshapata makao.

Kando ya prosesa kulikuwa na kumbukumbu ya MB 32 kwenye kijibao kinachochomoka, kwa hiyo iliweza kuongezwa. Kumbukumbu ya flashi ya MB 16 badala ya diski. Modemu ya kasi ya kilobiti 56. Na tundu la USB. Kwenye flashi hiyo ndimo ulimokaa mfumo wa asili, QNX, uliotengenezwa na kampuni ya Kanada iliyoanzishwa mwaka 1980. QNX inastahili heshima yake. Kiini chake ni kidogo mno, na kazi nyingine zote huendeshwa nje ya kiini kama programu za kawaida. Ndiyo maana ulikwishatumika kwenye mitambo ya viwanda na vifaa vya hospitali, mahali ambapo mashine kuganda ni hatari. Kuuweka mfumo, madirisha yake na kivinjari ndani ya MB 16 ilikuwa kazi ya mikono hodari. Walioufuta hawakuufuta kwa sababu ulikuwa mbaya. Waliufuta kwa sababu ulimruhusu mwenye kifaa kufanya yale tu ambayo Netpliance ilitaka afanye.

Safu mbili za pini

Mhandisi mmoja wa Las Vegas alikifungua kifaa chake na kukuta kwenye ubao mama safu mbili za pini ndogo zilizosimama tupu. Akazihesabu: 44. Fundi yeyote wa laptopu wa miaka hiyo alizifahamu mara moja, kwani ndizo pini za kuunganishia diski kuu ya laptopu ya mtindo wa IDE. Wabunifu walikuwa wameziacha pale, huenda kwa ajili ya majaribio kiwandani.

Lakini diski iliyounganishwa kwa kebo ya kawaida haikuonekana. Safu zilikuwa zimebadilishana nafasi: palipotakiwa kuwa na pini ya 1 palikuwa na ya 2, palipotakiwa ya 3 palikuwa na ya 4, na hivyohivyo hadi 43 na 44. Dawa yake ni nzuri kwa urahisi wake. Kebo bapa ya diski ni waya 44 zilizolazwa bega kwa bega kama uzi kwenye mkeka. Kiunganishi hakitiwi lehemu. Kina vijino vinavyotoboa ganda na kuuma kila waya, kijino kimoja kwenda safu ya juu, kinachofuata kwenda safu ya chini, kwa zamu. Ukikibana kiunganishi kwa kutokea upande wa pili wa kebo, vijino vilevile vinauma waya zilezile, ila waya za namba witiri sasa zinaangukia safu ya shufwa. Kwa hiyo fundi aliyekuwa na jiliwa mezani, kebo na kiunganishi kipya aliweza kuimaliza kazi bila hata kuwasha chuma cha lehemu. Wasioweza walinunua kebo zilizokwisha kutengenezwa, nazo zikaanza kuuzwa haraka.

Hapa palihitaji uangalifu wa pekee. Katika diski za laptopu umeme wa volti 5 hupita kwenye pini za 41 na 42. Safu zikibadilishana, volti 5 inabadilishana na volti 5, na waya za data zinabaki salama. Kosa kubwa ni kukigeuza kiunganishi mwanzo kikawa mwisho. Hapo pini ya 41 inakutana na ya 4, na ya 42 inakutana na ya 3, ambazo ni waya za data. Umeme unaingia pasipo pake, na diski au ubao mama unaweza kuungua. Ndiyo maana mafundi wazoefu hupaka rangi waya wa kwanza wa kebo kabla ya kukata chochote, na huutazama tena kabla ya kuwasha.

Kusakinisha

I-Opener hakikuwa na sehemu ya CD wala ya disketi, kwa hiyo usakinishaji ulianzia kwenye kompyuta nyingine. Linux ilikubali kusakinishwa yote huko, kwa kuwa kiini chake hukagua vifaa upya kila kinapowaka. Diski ikihamishwa, inajikuta nyumbani. Windows 98 haikuwa hivyo. Ikimaliziwa kwenye kompyuta ya mezani, huandika kumbukumbu za kadi na vifaa vya kompyuta hiyo, kisha ikihamishwa inaamka ikitafuta vitu visivyokuwapo. Njia iliyofaa ilikuwa kuifanya diski iwake kwa DOS, kunakili kabrasha lote la usakinishaji ndani yake, kuihamishia kwenye I-Opener, na kuianzisha kazi pale ili Windows ivitambue vifaa itakavyoishi navyo. Kibodi ya kifaa haikuwa na vitufe vyote vya kibodi ya kompyuta, hivyo watu walichomeka nyingine ya kawaida, wakaingia kwenye BIOS, programu ya kuwashia mashine, na kuiamuru ianze na diski.

Kuwaka kwa mara ya kwanza kulikuwa nusu tu ya kazi. Mfumo unapokuwa nje ya mpango wa mtengenezaji, hakuna diski ya viendeshi kwenye boksi na hakuna namba ya simu ya kuuliza. Mtandao unatoa mfano mzuri. Njia rahisi ya kukiunganisha kifaa na mtandao wa nyumbani ilikuwa kiunganishi cha Ethernet cha USB. Windows 98 iliielewa USB. Windows NT 4.0, iliyosifiwa kwa uimara, haikuielewa, kwa hiyo aliyeiweka humo alipata kompyuta imara isiyoweza kutumia kiunganishi hicho. Kwa Linux mambo yalikuwa katikati: toleo la 2.2 lililotumika wakati huo halikuwa na USB ya maana, na waliotaka mtandao mwezi Machi 2000 walilazimika kujenga kiini cha majaribio wenyewe. Toleo la 2.4, lililotoka Januari 2001, ndilo lililowaondolea taabu hiyo.

Halafu joto. Kasha lilibuniwa kwa mashine isiyo na diski inayozunguka. Diski ilileta joto lake na kuuziba upenyo wa hewa, ndipo watu wakatoboa matundu mgongoni na kufunga feni ndogo. Kuna waliolikwepa tatizo lote kwa kuibana Linux hadi ikaenea ndani ya zile MB 16 za flashi, bila diski kabisa. Njia hiyo ilidai ujuzi zaidi, kwani QNX ikishafutwa na mfumo mpya ukagoma kuwaka, hakuna cha kurudia.

Jibu la Netpliance

Kampuni ilikuwa imeingia soko la hisa la Nasdaq mwezi huohuo wa Machi 2000, na haikuweza kutazama tu vifaa vilivyouzwa kwa hasara vikiondoka bila ada. Vifaa vilivyofuata vilitoka na BIOS iliyobadilishwa, na baadhi vilimwagiwa gundi ngumu ya epoksi ili visichokonolewe. Masharti ya ununuzi nayo yalibadilishwa, yakamfunga mnunuzi kwenye huduma. Mafundi walijibu kwa kukwangua gundi na kurudisha BIOS ya zamani.

Mwandishi wa makala haya yuko upande wa mnunuzi, na si kwa kusitasita. Aliyelipa bei iliyotajwa na kupewa kitu bila sharti amekinunua kitu chenyewe. Faida ambayo muuzaji aliiwazia moyoni haikuwa sehemu ya bei. Sharti likitajwa waziwazi kabla ya malipo, hapo ni neno lingine, na Netpliance ilikuwa na haki ya kulitaja tangu siku ya kwanza. Hata wateja waliotaka huduma hawakutendewa sawa. Mwaka 2001 Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya Marekani ilifikia suluhu na kampuni hiyo kuhusu matangazo na utozaji wake, na kampuni ikatozwa faini ya dola 100,000. Wakati huo ilikwisha kuacha vifaa vya intaneti, ikahamia usalama wa mitandao kwa jina jipya la TippingPoint.

Vifaa vya jamii moja

Audrey ya 3Com ilitoka Oktoba 2000 kwa dola 499, nayo ikitumia QNX, na ikaondolewa sokoni Machi 2001. Ilipata maisha ya pili mikononi mwa watu walewale, kama saa ya ukutani, redio ya mtandao au kitabu cha mapishi jikoni. Miaka michache baadaye, mwaka 2005, 3Com ikainunua TippingPoint. Kifaa cha Sony kilichoitwa eVilla, chenye mfumo wa BeIA, kiliuzwa miezi michache tu katika 2001.

Afrika Mashariki haikukutana na I-Opener, ila hesabu yake inafahamika vizuri: modemu za USB zilizofungwa kwa kampuni moja ya simu na kuuzwa kwa bei ya kuvutia, na fundi wa mtaani aliyezifungua ili zikubali laini yoyote. Anayeflashi simu ya zamani leo ili ipokee toleo jipya la Android anapitia hatua zilezile, kuanzia kutafuta faili linaloendana na namba kamili ya modeli hadi hofu ya umeme kukatika katikati ya kazi.

Kifaa kilichoifikisha kazi hii mbali zaidi ni ruta ya Linksys WRT54G, iliyotoka Desemba 2002. Ilipogundulika kwamba ndani yake mna Linux, leseni ya programu hiyo ilidai msimbo wake utolewe, nao ukatolewa 2003. Juu ya msimbo huo ukaanzishwa mradi wa OpenWrt mwezi Januari 2004. Mwaka 2005 toleo la tano la ruta hiyo lilipunguziwa kumbukumbu kwa nusu na kuhamishiwa mfumo mwingine, VxWorks, na waliokuwa wakiinunua kwa ajili ya Linux wakakosa walichokifuata. Linksys haikumwaga epoksi. Ilirudisha muundo wa awali wenye kumbukumbu kamili, ikauita WRT54GL, na ikaendelea kuwauzia kwa miaka mingi.