Ualimu Pasipo Elimu

Mpango wa UPE ulipoenea Tanzania, herufi zake tatu za Kiingereza zilimaanisha elimu ya msingi kwa wote. Mtaani zikapewa tafsiri nyingine: Ualimu Pasipo Elimu. Utani huo ulidumu kuliko mpango wenyewe. Mimi niliyezaliwa mwanzoni mwa miaka ya tisini niliukuta bado una meno. Nilipoanza kufundisha tuisheni ya hisabati majumbani hapa Dar es Salaam mwaka 2017, ndio nilioubeba kichwani kila nilipobisha hodi.

Nina shahada ya uhasibu, sina cheti cha ualimu. Nyuma yangu hakuna shule, hakuna mwalimu mkuu, hakuna muhuri. Kuna begi, daftari, kalamu za ubao na nauli ya daladala. Swali la kwanza la mzazi huwa lilelile: "Mwalimu, wewe unafundisha shule gani?" Nikisema nimejiajiri, kinafuata kimya kifupi. Mzazi hana ubaya, anapima tu. Lakini katika kimya hicho mimi nilikuwa nikijihukumu kabla yake: huyu akijua mimi ni nani hasa, atadai hela yake.

Hali hii ina jina. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, walichapisha makala kuhusu wanawake zaidi ya 150 waliofaulu sana katika masomo na kazi, baadhi wakiwa na shahada za uzamivu. Pamoja na vyeti vyote hivyo, wengi wao waliamini wamefika walipofika kwa bahati, au kwa sababu msahihishaji alikosea, na kwamba siku moja watagundulika. Kwa lugha yetu tuseme ni hali ya kujiona tapeli.

Niliposoma habari zao nilifarijika, kisha nikakwama. Wanawake wale walikuwa na vyeti wasivyoviamini. Mimi cheti chenyewe sina. Je, hofu yangu ni ugonjwa wa kutibiwa, au ni dhamiri inayosema kweli? Sikupata jibu Atlanta. Nililipata kwa watu waliokuwa wakichekwa hapa nyumbani miaka hiyohiyo.

Novemba 1974, chama cha TANU kilikutana Musoma na kuazimia kwamba ifikapo mwishoni mwa 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani. Wakati huo shule za msingi zilikuwa na wanafunzi wapatao milioni 1.2. Mwaka 1978 walikuwa karibu milioni 3. Vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu kwa kasi hiyo hata vingefanya kazi usiku na mchana. Basi serikali ikawageukia vijana waliokuwa wametoka tu kumaliza darasa la saba. Zaidi ya 30,000 walifundishwa ualimu wakiwa vijijini kwao, huku tayari wamesimama mbele ya ubao.

Mama yangu mkubwa alikuwa mmoja wao. Alimaliza darasa la saba mwaka 1975, na mwaka uliofuata, akiwa na miaka 17, akaitwa mwalimu. Asubuhi alifundisha darasa la pili. Mchana alisoma vijitabu vya masomo kwa njia ya posta na kusikiliza vipindi vya redio pamoja na wenzake. Mkufunzi wa kata alipita kwa baiskeli, akakaa nyuma ya darasa, akakagua andalio la somo, akaondoka na maoni yake. Mwishoni, baada ya kama miaka mitatu ya mwendo huo, walikwenda chuoni kwa wiki sita na kufanya mtihani.

Nilimwendea likizo moja, nikamwamkia, nikamuuliza bila kuzunguka: hukuwa unajiona mdanganyifu?

"Mwanangu," akasema, "nilikuwa mbele ya watoto wale kwa jioni moja tu. Nilichowafundisha Jumanne, mimi nimekielewa Jumatatu usiku, kwa koroboi."

Alisema hivyo bila aibu. Kisha akanieleza alivyofundisha sehemu: alikata muwa vipande vinne sawa, akawauliza watoto kwa nini robo mbili ni sawa na nusu, na hakuruhusu mtu kula mpaka wa nyuma kabisa ameeleza kwa maneno yake. Mbinu ile hakuitoa kwenye kijitabu. Ndiyo njia aliyoielewa yeye mwenyewe usiku uliotangulia, baada ya kuhangaika. Kutoelewa kwake kulikuwa bado kubichi, na kwa hiyo alijua mtoto atajikwaa wapi.

Sitaki kuipamba historia hii. Madarasa yalifurika, madawati yalikosekana, vitabu vilikuwa vya kuchangia, na wapo watoto waliomaliza darasa la saba wakisoma kwa shida. Uchumi ulipoanguka miaka ya themanini, mshahara wa mwalimu haukufika tena mwisho wa mwezi. Walimu wakauza vitumbua, wakafuga kuku, wakafundisha tuisheni. Kazi ninayoifanya leo ilikua sana katika njaa ile. Utani wa UPE haukuzuka hewani. Lakini kwa takwimu za serikali, kufikia 1986 watu wazima tisa kati ya kumi walijua kusoma na kuandika, katika nchi ambayo mwaka 1967 theluthi mbili hawakujua. Hao waliofundishwa, watoto kwa wazee, walifundishwa na mtu. Mara nyingi mtu huyo ndiye huyu aliyechekwa.

Na kicheko kilijirudia. Shule za sekondari za kata zilipoongezeka kwa kasi katika miaka ya 2000, vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa darasani. Mtaa ukawaita "voda fasta", kwa jina la vocha ya simu. Kila taifa letu lilipohitaji walimu haraka, liliwaomba vijana wasiokamilika wasimame mbele, kisha likawacheka kwa kutokamilika.

Nikaona basi kwamba hofu yangu ni vitu viwili vilivyofungwa kamba moja. Kimoja ni kicheko cha watu, nilichorithi, na hicho sina deni nacho. Kingine ni swali la haki: mtoto huyu ameelewa? Wanawake wa Clance na Imes walijiuliza kama wao wanastahili. Mama mkubwa alijiuliza kama watoto wameelewa, na swali hilo linajibika. Tena hakuachwa alijibu peke yake. Kulikuwa na baiskeli ya mkufunzi.

Aliyejiajiri hana mkufunzi wa kata, kwa hiyo nilijitengenezea wa kwangu. Kila somo ninaliandikia andalio, hata la mwanafunzi mmoja. Mitihani ya nyuma ya Baraza la Mitihani naifanya mwenyewe, kwa saa, kabla sijampa mtoto. Mara moja kwa mwezi mwalimu mstaafu wa hisabati, jirani yangu, hukaa pembeni akinisikiliza, nami namlipa kwa kumfanyia hesabu za duka lake. Maoni yake ya kwanza yalikuwa mafupi: "Unaongea sana. Mpe mtoto kalamu." Na mzazi akiniuliza ninafundisha shule gani, namwambia: sifundishi shule yoyote, fizikia siifundishi, hisabati naifundisha hivi, na daftari hili hapa.

Hofu haijaondoka. Mwaka juzi familia moja iliniomba nimchukue binti yao wa kidato cha tatu hadi mtihani wa taifa, nami sikulala siku mbili. Nilikubali. Alikuwa ameshajiaminisha kwamba hisabati si ya watu kama yeye; sentensi hiyo naijua vizuri, kwa hiyo nilijua pa kuanzia. Amepata C. Kwao walichinja kuku.

Waliokuwa na miaka 17 mwaka 1976 walifikisha 60 mwaka 2019, umri wa kustaafu kwa lazima. Kizazi kile kimetoka darasani kimyakimya. Mama mkubwa anaishi kijijini kwake, na watu wazima wenye wajukuu, wakipita mbele ya nyumba yake, bado husimama na kusema: "Shikamoo, mwalimu." Anaitikia marahaba, kisha anauliza mtoto wa fulani amefikia wapi na hesabu.