Mkono wa roboti wa kwanza: Angalia haya kabla hujalipa Kariakoo

Unataka kuunda mkono wa roboti? Kabla hujaingia Kariakoo kusaka vifaa, jua kwanza utabeba mzigo gani.

Nguvu: Servo ya SG90 ina uzito wa gramu 9 na nguvu ya takriban kilo 1.8 kwa umbali wa sentimita 1. Mkono wa sentimita 15 utainua gramu 120 tu, pamoja na uzito wake wenyewe. Begani funga MG996R yenye gia za chuma, SG90 iache kwenye kishikio.

Umeme: Usichote umeme wa servo kwenye Arduino, bodi itazima na kuwaka ovyo. SG90 nne zinataka adapta ya volti 5, ampea 3. MG996R inataka zaidi. Waya hasi zote ziunganishwe pamoja.

Fremu: Ramani ya meArm ni ya bure na inatumia servo 4. Fundi wa mabango mwenye mashine ya leza anaweza kukukatia akriliki ya milimita 3.

Mwisho, omba kila servo ijaribiwe palepale dukani. Kariakoo, mali ikishauzwa mara nyingi hairudishwi.