Baada ya Kupona: Historia ya Uuguzi wa Vijana Waliomaliza Matibabu ya Saratani, na Swali Lake kwa Diakonia ya Kanisa

1. Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita mwandishi wa makala hii, akiwa mchungaji wa usharika, aliongoza ibada ya shukrani kwa ajili ya kijana wa miaka 17 aliyerudi nyumbani baada ya kutibiwa saratani ya tezi. Zaburi ilisomwa, kwaya ikaimba, sadaka ya shukrani ikatolewa, na kijana akaombwa atoe ushuhuda. Alisema maneno machache, kisha akaketi. Miezi sita baadaye ilijulikana kwamba tangu arudi hakuwa akipata usingizi. Kwamba ameacha shule, maana hakuweza tena kutembea kilomita nne asubuhi bila kuishiwa nguvu. Na kwamba hakuthubutu kumwambia mtu, kwa kuwa alikwisha kutangazwa mbele ya usharika wote kuwa mzima. Hakuna aliyemdhulumu kwa kusudi. Tulimshukuru Mungu kwa ajili yake, kisha tukamwacha peke yake.

Makala hii inakusudia kueleza jinsi uuguzi maalumu kwa vijana waliomaliza matibabu ya saratani ulivyoanza na kukua, na kuuliza historia hiyo inatufundisha nini sisi tunaosema kwamba diakonia ni sehemu ya utume wa Kanisa. Kanisa limezoea kumwombea mgonjwa apone, na limejifunza kukaa na anayekufa. Bali kwa yule aliyepona, halina liturujia ila ile ya shukrani, na shukrani huisha kwa siku moja.

2. Aliyefunguliwa aende wapi?

Swali hili si geni katika historia ya diakonia. Mwaka 1833 Theodor Fliedner, mchungaji wa Kaiserswerth karibu na Düsseldorf, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa akiwatembelea wafungwa, alimpokea katika nyumba ndogo ya bustani yake mwanamke aliyekuwa ametoka gerezani. Fliedner alitambua kwamba lango la gereza likifunguliwa, taabu nyingine huanza: hakuna nyumba, hakuna kazi, wala mtu wa kumwamini. Kutoka mwanzo huo mdogo ilizaliwa mwaka 1836 nyumba ya mashemasi wa kike pamoja na hospitali yake. Florence Nightingale alijifunza huko mwaka 1851, na baadaye akawa mmoja wa waanzilishi wakuu wa uuguzi wa kisasa.

Jambo kama hilo lilitokea katika nchi yetu. Wamisionari wa Bethel walipofanya kazi Usambara mwishoni mwa karne ya 19, walianzisha huko Lutindi makao ya watoto walioachiliwa kutoka utumwani. Mnyororo ulikuwa umekatwa, lakini mtoto asiyejua kwao hakuwa huru kwa sababu tu mnyororo umekatwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Lutindi ikawa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, nao pia ni watu ambao jamii ilikuwa tayari kuwasahau.

Basi katika mizizi ya diakonia limo wazo hili: kazi ya huruma haiishi pale mtu anapofunguliwa. Mara nyingi hapo ndipo inapoanza.

3. Dawa zilipoanza kuponya

Kabla ya katikati ya karne ya 20 suala la maisha ya kijana baada ya saratani halikujitokeza sana, kwa sababu waliopona walikuwa wachache. Mtoto mwenye saratani ya damu alikufa, mara nyingi katika muda wa miezi michache. Mwaka 1948 daktari Sidney Farber wa Boston alitangaza kwamba kati ya watoto 16 aliowapa dawa iliyozuia kazi ya asidi ya foliki, 10 walipata nafuu. Nafuu hiyo haikudumu, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa.

Hatua nyingine muhimu ilifanyika Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari mpasuaji Mkristo aliyefika Uganda mwaka 1946, alieleza mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya uliowapata watoto, ambao leo unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari zaidi ya kilomita 15,000 kutoka Kampala hadi kusini mwa bara na kurudi, wakiuliza katika hospitali moja baada ya nyingine, nyingi zikiwa za misioni, ni wapi uvimbe huo unaonekana na ni wapi hauonekani. Baadaye iligunduliwa kwamba watoto kadhaa waliopewa dawa kwa kiasi kidogo tu walipona kabisa.

Huko Memphis, Marekani, katika hospitali ya St. Jude iliyofunguliwa mwaka 1962, Donald Pinkel na wenzake walichanganya dawa mbalimbali pamoja na mionzi ya kichwa, na mwishoni mwa miaka ya 1960 wakaona kwamba karibu nusu ya watoto wenye saratani ya damu wangeweza kupona. Kwa mara ya kwanza kukawa na kizazi cha watoto waliotarajiwa kufa, nao wakakua wakawa vijana.

4. Gharama ya kupona

Haikupita miaka mingi kabla ya kuonekana kwamba tiba yenyewe ilikuwa imeacha alama. Dawa fulani hudhoofisha moyo, na udhaifu huo waweza kujitokeza miaka mingi baadaye, pengine msichana akiwa mjamzito. Dawa nyingine hudhuru figo au kupunguza usikivu. Mionzi ya kichwa huweza kuzuia kukua na kupunguza uwezo wa kujifunza. Mionzi ya kifua huweza kuleta saratani nyingine. Baadhi ya tiba huondoa uwezo wa kuzaa. Tena kuna uchovu usioonekana kwa macho, na hofu inayorudi kila kijana anapoumwa kichwa.

Mwaka 1975 daktari Giulio D'Angio aliandika makala akidai kwamba kumponya mtoto hakutoshi, bali tabibu hana budi kuuliza pia mtoto huyo atakuwa mtu mzima wa namna gani. Muongo mmoja baadaye, mwaka 1985, daktari Fitzhugh Mullan, aliyekuwa ameugua saratani mwenyewe, alieleza kwamba aliyetibiwa hupita katika vipindi mbalimbali, na kwamba mwisho wa tiba si mwisho wa safari. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani uliwafuatilia waliougua kabla ya umri wa miaka 21 kati ya 1970 na 1986. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2006 yalionyesha kwamba kati ya kila 100 waliopona, 62 hivi walikuwa na angalau tatizo moja la kudumu la afya.

Hatutaji takwimu hizi ili kuwatisha watu waikimbie tiba. Aliyepona na kubaki na moyo dhaifu yu hai, na uhai wake ni zawadi. Tunazitaja ili ieleweke kwamba neno "amepona" lina uzito kuliko tulivyodhani.

5. Muuguzi anayebaki

Ni nani atakayemfuata kijana huyu? Daktari mpasuaji amemaliza kazi yake. Daktari wa dawa ana wagonjwa wapya wanaomngoja. Uingereza ilijibu swali hilo hatua kwa hatua, na sehemu kubwa ya jibu lake ilikuwa muuguzi. Mwaka 1975 walianza kazi wauguzi wa kwanza wa Macmillan, wakiwatembelea wagonjwa wa saratani majumbani. Mwaka 1976 huko Bristol, Bob Woodward, ambaye mwana wake alikuwa ameugua saratani, alianzisha chama cha kuwasaidia watoto wagonjwa na wazazi wao, pamoja na nyumba za wazazi kukaa karibu na hospitali.

Hata hivyo vijana walibaki katikati. Mwenye miaka 16 alilazwa ama kando ya watoto wachanga, ama kando ya wazee, naye si wa huku wala si wa kule. Mwaka 1990 ilifunguliwa katika hospitali ya Middlesex, London, wodi ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya vijana wenye saratani. Wodi nyingine zilifuata katika miji mingi. Mwaka 2005 mwongozo wa kitaifa wa Uingereza ulielekeza kwamba kila mtoto na kijana mwenye saratani awe na mfanyakazi mmoja anayejulikana kwake kwa jina, atakayeunganisha huduma zote, na mara nyingi mtu huyo alikuwa muuguzi bingwa.

Kazi ya muuguzi huyo si ya ajabu, lakini ni ya subira. Tiba inapokwisha huketi na kijana na kumwandikia muhtasari: ni dawa gani alizopewa na kwa kiasi gani, ni sehemu gani ya mwili iliyopigwa mionzi, ni vipimo gani avifanye na lini. Hati hiyo hubaki mkononi mwa kijana, ili hata akihamia mji mwingine, tabibu mgeni asianze gizani. Humweleza ni dalili gani zinazohitaji daktari na zipi ni za kawaida. Humsaidia kurudi shuleni, pengine kwa kwenda mwenyewe kuzungumza na walimu. Huongea naye faraghani, pasipo wazazi, juu ya ndoa na kuzaa. Zaidi ya yote hupokea simu, hata ya mtu asiye na ugonjwa mpya, ila hofu tu. Wengi wamesema kwamba wakati mgumu kwao haukuwa siku ya kuambiwa wana saratani, bali majuma yaliyofuata mwisho wa tiba, wakati ambapo kila mtu alifurahi na hakuna aliyewatazama tena.

6. Je, ni anasa ya Ulaya?

Msomaji aweza kusema kwamba haya ni ya nchi tajiri. Pingamizi hili lina nguvu. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000 huugua saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya 80 kati ya 100 hupona, na katika nchi nyingi maskini hawafikii 30. Mwaka 2018 Shirika hilo liliweka lengo kwamba ifikapo 2030 angalau 60 kati ya 100 wapone. Kwetu kazi ya kwanza bado ni kumfikisha mtoto hospitali mapema.

Lakini historia yenyewe inapinga wazo la anasa. Mwaka 1967 kilianzishwa Kampala kituo cha kutibu uvimbe wa Burkitt, kikiongozwa na John Ziegler. Wafanyakazi wake hawakungoja wagonjwa warudi wenyewe. Walisafiri kwa gari hadi vijijini kuwatafuta waliokwisha kutibiwa, wakauliza habari zao na kuwarudisha walipohitaji tiba. Waamerika walipoondoka katika miaka ya utawala wa Idi Amin, Charles Olweny na wenzake wa Uganda waliendeleza kituo hicho katika hali ngumu. Basi kumfuata aliyepona hadi mlangoni pake kulifanyika Afrika Mashariki zamani, kabla ya wodi ile ya London kufunguliwa. Kilichohitajiwa kilikuwa orodha ya majina, gari, na mtu aliyejali kwamba jina fulani halijaonekana.

Na ni taasisi gani yenye orodha ya majina katika kila kijiji kama Kanisa? Usharika unao mwinjilisti, wazee wa mtaa, akina mama, na kwaya ya vijana. Hawawezi kuwa wauguzi, wala wasijifanye kuwa wauguzi. Wanaweza kuwa mikono ya muuguzi aliye mbali: kumkumbusha kijana siku ya kliniki, kuchangia nauli, kuitunza nakala ya hati yake, kumtetea asipachikwe jina la mkosi wakati wa kuposa au kuposwa.

7. Tafakari ya kitheolojia

Katika Marko 5 tunasoma juu ya binti Yairo, aliyekuwa na miaka 12. Wahubiri wengi humalizia pale binti anaposimama. Mwinjilisti hamalizii hapo. Katika mstari wa 43 Bwana anaagiza kwamba binti apewe chakula. Wote waliokuwamo wameshikwa na mshangao, na katika mshangao huo ni Yesu pekee anayekumbuka kwamba mtoto aliyefufuka ana njaa. Agizo hilo halikuwa muujiza, nalo liliachwa mikononi mwa watu wa nyumbani. Uuguzi wa baada ya tiba ni utii kwa mstari huo.

Pili, Luther katika Mdahalo wa Heidelberg mwaka 1518 alitenganisha theolojia ya utukufu na theolojia ya msalaba. Ile ya kwanza haiwezi kuvumilia ushuhuda usiokamilika; humtaka aliyepona asimame mbele ya watu bila kovu. Lakini Bwana aliyefufuka aliwaonyesha wanafunzi wake mikono na ubavu vyenye alama (Yohana 20). Ikiwa mwili wa ufufuo ulibeba makovu bila aibu, kwa nini kijana wetu ayafiche yake madhabahuni?

8. Hitimisho

Tumeona kwamba diakonia tangu Kaiserswerth na Lutindi ilimwuliza aliyefunguliwa anakwenda wapi. Kwamba tiba ya saratani ilipofaulu ilizaa hitaji jipya. Na kwamba muuguzi anayebaki alijibu hitaji hilo, London kwa njia moja na Kampala kwa njia nyingine. Wanafunzi wa theolojia watakaopelekwa katika sharika watakutana na vijana wa namna hii kwa wingi kadiri tiba inavyoenea. Wasiache kufanya ibada ya shukrani. Ila baada ya baraka ya mwisho, mchungaji na afungue kitabu chake cha ziara na kuandika jina la kijana katika mwezi unaofuata, na katika mwezi wa tatu, na katika ule wa sita.

Kijana yule wa 17 alirudi shuleni baada ya mwaka mmoja, akipelekwa kwa baiskeli na mzee wa mtaa. Mzee huyo hakuwa amesoma theolojia. Alikuwa ameona tu kwamba mtoto anachoka.